Sura ya Nne: Uyoga Huu ni wa Ukoo Gani?

Ukitoka Katesh kuelekea Singida, mlima Hanang ukibaki nyuma yako na ukungu wake kichwani, nchi inatandazika na vichuguu vinaanza kujitokeza, vingine vikimzidi mtu mzima kwa kimo. Mvua zikishanyesha, kumbikumbi wakisharuka na mabawa yao kuzagaa chini ya taa za maduka, hupita wiki kadhaa, kisha akina mama na watoto huonekana kando ya lami na ndoo na nyungo za uyoga. Asubuhi moja ya Januari nilimwomba dereva asimame.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu uyoga. Umechumwa leo leo huu, umande haujakauka."

Ungo wake ulikuwa na mafungu matatu. La kwanza lilikuwa la uyoga mkubwa, kofia pana kama kisahani cha chai, yenye kichonge katikati. La pili lilikuwa la uyoga mweupe mdogo mdogo, hata kuuhesabu huwezi. La tatu lilikuwa la njano iliyokolea kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Nikamwuliza ni wa aina gani.

"Huu wa kichuguu. Huu mdogo nao wa kichuguu, ila wenyewe hutoka mwingi kama mchele uliomwagika. Huu wa njano si wa hapa, umekuja na gari kutoka upande wa Babati, kwenye miombo."

Huku anaongea, mkono wake ulikuwa ukipekua fungu la kwanza. Akatoa mmoja mweupe, mkubwa, wenye magamba ya kahawia juu ya kofia. Kwa macho yangu ulifanana na wenzake. Akaugeuza, akalitazama shina, akautupa mtaroni.

"Huo umekosa nini, mama?"

"Huo si wao. Wa kichuguu una mzizi. Ukiuvuta, unahisi kabisa kuna kitu chini kinaushika. Huo hauna pa kushikwa."

Sura hii inahusu maneno hayo matatu: huo si wao. Kwa zaidi ya miaka 200 watu wameandika vitabu vinene wakijaribu kusema kwa uhakika uyoga upi ni "wao" na upi umejiingiza tu, na kazi hiyo haijaisha. Mama yule aliimaliza kwa fungu lake moja, kwa kidole na kumbukumbu. Nilimwomba ule aliotupa.

"Wa nini? Usije ukaula."

"Siuli, mama. Nataka kuulaza kwenye karatasi usiku mmoja."

Nikanunua na fungu la wa kichuguu, nikaagana naye.

Vitabu vya biolojia kwa Kiswahili hutumia neno familia kwa kile ambacho hapa nitakiita ukoo. Nina sababu. Familia hula chungu kimoja na kulala chini ya paa moja, ukoo hutawanyika. Mtu wa ukoo wako anaweza kuwa Mwanza, hamjawahi kuonana, hamfanani pua wala kimo, lakini mkikaa mkahesabu mababu mnakutana. Na jirani anayefanana nawe hadi mwendo asiwe na tone la damu yenu. Uyoga uko hivyo hivyo. Spishi huwekwa ndani ya jenasi, jenasi ndani ya ukoo, koo ndani ya oda, oda ndani ya ngeli. Jina la ukoo hutambulika kwa mwisho wake: huchukuliwa jina la jenasi moja likapachikwa kiishio -aceae. Amanita ikatoa Amanitaceae, Russula ikatoa Russulaceae. Ukikuta -aceae, ujue umeingia uani kwa ukoo mzima.

Hata neno ngeli linanifurahisha, kwa kuwa sisi tumelizoea kwenye sarufi. Lugha yetu imeuweka uyoga pamoja na ugali, uji na ukuta, na hakuna aliyewahi kudai kwamba vitu hivyo vina babu mmoja. Ngeli ya sarufi inasema jinsi neno linavyotembea ndani ya sentensi, haisemi limezaliwa na nani. Mpangilio wa kisayansi unataka kusema jambo moja tu: nani alizaliwa na nani. Na hilo ndilo gumu, maana nasaba haiandikwi usoni.

Mbulu na Hanang ni mahali pazuri pa kulielewa hili, kwa sababu lugha za hapa zimekwisha kuwapa wataalamu mtihani uleule. Katika eneo unaloweza kulizunguka kwa basi kwa siku mbili tatu wanakutana wasemaji wa lugha za asili nne tofauti. Wairaqw, ambao wengi huwaita Wambulu, wanasema lugha ya Kikushi, ndugu wa mbali wa Kisomali na Kioromo. Wadatoga, ambao Wabarbaig wa Hanang ni sehemu yao, wana lugha ya Kinailoti. Wanyaturu na Wanyiramba upande wa Singida, na Warangi upande wa Kondoa, wanasema lugha za Kibantu. Na magharibi ya Mbulu, katika bonde la Yaeda, wako Wahadzabe.

Kihadza kina vidoko, zile sauti zinazotolewa kwa kugonga na kufyatua ulimi. Kisandawe cha huko Kondoa nacho kina vidoko, na lugha nyingi za Namibia na Botswana pia. Mwaka 1963 mwanaisimu Mmarekani Joseph Greenberg, alipozigawa lugha zote za Afrika katika makundi makubwa manne, alizikusanya hizo zote katika kundi moja la Khoisan. Kwa miaka mingi vitabu vya shule vilifuata hivyo. Wanaisimu waliokuja baadaye, walipolinganisha maneno na sarufi moja baada ya nyingine, hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba Kihadza kina undugu na hizo nyingine, na leo wengi wao wanakihesabu kuwa lugha iliyosimama peke yake, isiyo na ndugu anayejulikana duniani. Nazungumzia lugha hapa, si damu za watu. Ninachotaka msomaji akishike ni kwamba alama moja inayosikika kwa nguvu iliwafanya watu wenye akili nyingi waone ukoo pasipo na ukoo. Na upande wa pili, lugha zisizo na undugu, zikikaa jirani kwa karne nyingi kama zilivyokaa hapa, huazimana maneno na hata namna ya kujenga sentensi, mpaka zinaanza kufanana.

Kwa uyoga, kidoko hicho kilikuwa vumbi.

Carl Linnaeus, Msweden aliyeieneza desturi ya kukiita kila kiumbe kwa majina mawili ya Kilatini, mwaka 1753 aliuweka uyoga miongoni mwa mimea isiyotoa maua, basi. Ulikaa huko kwa zaidi ya miaka 200, mpaka mawazo ya kuzipa kuvu himaya yao wenyewe yalipokubalika baada ya Mmarekani Robert Whittaker kuzigawa himaya kuwa tano mwaka 1969. Baadaye, katika miaka ya 1990, vinasaba vilionyesha jambo lililowashangaza wengi: kuvu ziko karibu zaidi na wanyama kuliko mimea. Uyoga aliokuwa nao mama yule kwenye ungo ni ndugu wa karibu zaidi wa mama mwenyewe kuliko wa mchicha. Naona vyema kwamba Kiswahili kimeviita vinasaba, kwa kuwa ndani ya neno hilo imo nasaba, na nasaba ndiyo tunayoitafuta.

Aliyeleta mpangilio wa kwanza uliodumu alikuwa Msweden mwingine, Elias Fries, aliyeanza kutoa kitabu chake Systema mycologicum mwaka 1821. Geuza uyoga wa kawaida uone chini ya kofia: kuna vipande vyembamba vilivyosimama kama kurasa za kitabu kilichofunguliwa. Uyoga karibu wote wenye kurasa hizo Fries aliutia katika jenasi moja kubwa mno, Agaricus, kisha akaugawa kwa rangi ya vumbi linalodondoka kutoka kwenye kurasa. Vumbi hilo ni spora, mbegu ndogo kiasi kwamba moja peke yake haionekani kwa macho. Zikikusanyika, rangi yake haidanganyi kirahisi: nyeupe, waridi, kahawia ya kutu, kahawia ya zambarau, nyeusi.

Yeyote anaweza kufanya alichofanya Fries. Kata shina, laza kofia kifudifudi juu ya karatasi ambayo nusu yake ni nyeupe na nusu nyeusi, ili vumbi jeupe lisipotee kwenye weupe. Funika kwa bakuli upepo usiingie. Lala. Asubuhi, ukiinua kofia polepole, utakuta picha ya kurasa zote imechorwa kwa vumbi, mstari kwa mstari. Nimeifanya kazi hii mara nyingi sana na bado kila asubuhi naliinua bakuli taratibu, roho ikinidunda.

Vumbi linaweza kuokoa uhai. Uyoga ule mweupe wenye magamba ya kahawia, ambao hupenda kuota kwenye majani mafupi, viwanja na malisho, huitwa Chlorophyllum molybdites. Ni miongoni mwa uyoga unaosumbua watu wengi zaidi katika nchi za joto: saa chache baada ya kuula, mtu hutapika na kuharisha vibaya. Ubaya wake ni kwamba ukiwa mchanga, kurasa zake ni nyeupe safi. Rangi yake halisi hujitokeza baadaye, spora zikikomaa, na rangi hiyo ni ya kijani, jambo adimu kabisa katika uyoga wa kofia. Jina la jenasi yake linasema hivyo kwa Kigiriki: jani la kijani. Mwaka 1898 Mwingereza George Massee ndiye aliyeianzisha jenasi hiyo, na spishi aliyoiweka mbele akaipa jina esculentum, maana yake "unaolika". Uyoga wenye sumu ukaandikwa katika kumbukumbu za sayansi kwa jina la chakula. Spishi hiyo sasa inahesabiwa kuwa ile ile molybdites. Nalitaja hili kwa uchungu, maana wapo wanaodhani kwamba jina la Kilatini ni cheti cha usalama.

Na huo mbaya ni wa ukoo gani? Ni wa Agaricaceae, ukoo uleule wa uyoga mweupe wa makopo unaouzwa kwenye maduka makubwa ya Arusha na Dar es Salaam. Ukoo hauulizwi habari za sufuria. Amanitaceae ndio ukoo wa Amanita phalloides, uyoga wa Ulaya ulioua watu wengi kuliko mwingine wowote, ambao huharibu ini kimya kimya wakati mgonjwa anadhani amekwisha kupona. Lakini ndani ya jenasi hiyohiyo imo Amanita tanzanica, iliyopewa jina la nchi yetu, na watu wa miombo huila. Ndugu wa tumbo moja, mmoja anakaribishwa mezani, mwingine anakuzika. Kwa hiyo swali la "wa ukoo gani?" na swali la "unalika?" ni maswali mawili, na mtu asikubali jibu la moja kwa lingine. Kwa la pili, ningemwamini mama wa barabarani mwenye miaka 40 ya kuchuma kabla ya kuniamini mimi na vitabu vyangu, na kama mchumaji mwenyewe ana shaka, uyoga huo uende mtaroni.

Sasa turudi kwenye kichuguu, maana hapo ndipo hadithi ya ukoo ilipo tamu.

Mchwa wanaojenga vichuguu vikubwa hawana uwezo wa kuyeyusha vizuri ubao na nyasi kavu wanazokusanya. Wanachofanya ni kulima. Vibarua hula majani na vijiti, kisha kwa kinyesi chao hujenga ndani ya kichuguu kitu kama sega la nyuki, laini na chenye vishimo. Juu ya sega hilo kuvu huota, ikatoa vinundu vyeupe kama punje za ulezi. Kuvu huvunja kile kigumu, na mchwa hula vinundu na sega lililokomaa. Hakuna kuvu, hakuna kichuguu. Na kuvu hiyo haipatikani ikiishi peke yake mahali pengine popote. Mvua zikiingia, inapeleka shina juu, kupitia udongo uliogandamana kama saruji, likisukuma kwa kichonge kigumu kilichoko katikati ya kofia, mpaka linatoka nje. Ndiyo maana wa kichuguu una mzizi. Ule "mzizi" si mzizi. Ni shina refu linaloanzia kwenye sega chini kabisa. Kitu ambacho mama alihisi kikiushika uyoga wake kilikuwa bustani ya mchwa.

Alama ileile ya mama ndiyo iliyomvutia Mwingereza Miles Berkeley mwaka 1847, alipopokea uyoga uliokaushwa kutoka kisiwa ambacho leo ni Sri Lanka. Aliuita Agaricus eurhizus, yaani wenye mzizi mzuri. Ule mdogo unaotoka kama mchele nao ulipata jina kwa sampuli za kisiwa hichohicho mwaka 1871: microcarpus, wenye tunda dogo. Hivyo uyoga unaochumwa Hanang ulibatizwa kwa macho ya mtu aliyekuwa akitazama bahasha iliyotoka Bahari ya Hindi. Halafu ukaanza kuhamahama. Mwaka 1942 Mfaransa Roger Heim, aliyeuchunguza uhusiano wa uyoga na mchwa, aliukusanya uyoga wa vichuguu katika jenasi yake wenyewe, Termitomyces, uyoga wa mchwa. Jenasi ilitulia, ila ukoo haukupatikana. Vumbi lake ni la waridi, kwa hiyo wako waliouweka na koo za vumbi la waridi. Wengine waliangalia jinsi nyuzi zilivyopangwa ndani ya kurasa wakauweka karibu na Amanita. Wengine wakautia Tricholomataceae, ukoo ambao kwa muda mrefu ulikuwa kama stoo ya nyumba: kila kisichokuwa na mahali kilitupwa humo.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 vinasaba viliposomwa, Termitomyces ikaangukia Lyophyllaceae, ukoo ambao uyoga wake mwingi huwa na vumbi jeupe. Rangi ya waridi, alama waliyoitegemea wengi, ilikuwa kidoko.

Kinachonigusa zaidi ni kwamba mkulima naye alipoteza ukoo wake katika miaka hiyohiyo. Mchwa walikuwa na oda yao wenyewe tangu zamani. Mwaka 2007 uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba mchwa wamezaliwa ndani ya mende, na sasa wanawekwa katika oda moja nao. Uyoga na mchwa, washirika wa zamani, wote wawili walihamishwa kaburi la babu katika kizazi kimoja cha watafiti.

Ushirika wenyewe ni wa kale kiasi gani? Jibu limo ndani ya mipaka ya Tanzania. Katika bonde la Rukwa, kusini-magharibi, watafiti walikuta vichuguu vilivyogeuka mawe, na ndani yake masega ya kuvu bado yako mahali pake. Walitangaza ugunduzi huo mwaka 2016: umri wake ni miaka milioni 25. Vinasaba vilikuwa vimekwisha kukadiria kwamba kilimo hiki kilianza Afrika, kama miaka milioni 30 iliyopita. Mwanadamu ameanza kulima juzi.

Lakini majina hayatolewi na vinasaba; yanatolewa na watu, kwa kanuni. Kanuni za kwanza za kimataifa zilikubaliwa Paris mwaka 1867. Siku hizi kanuni hizo zinataka kila jina la spishi lifungwe kwenye sampuli moja iliyokaushwa na kuhifadhiwa, ili mzozo ukizuka watu warudi kwenye kitu, si kwenye maneno. Kwa miongo mingi maelezo ya spishi mpya yalilazimika kuandikwa kwa Kilatini. Tangu tarehe 1 Januari 2012 yanaweza kuwa kwa Kilatini au Kiingereza, na tangu mwaka 2013 jina jipya la kuvu lazima lisajiliwe. Maelezo kwa Kiswahili hayakubaliki hata leo. Linanisikitisha, na sioni kwa nini lisibadilike. Jina lenyewe, hata hivyo, laweza kutoka lugha yoyote. Kuna Termitomyces umkowaan, lililotokana na jina la Kizulu. Na jirani kabisa na Hanang, kuna Termitomyces singidensis, lililotolewa mwaka 1994 kwa heshima ya Singida. Popote duniani mtaalamu atakapouandika uyoga huo, atalazimika kuitaja Singida.

Jina hilo lilitokana na kazi ya Mfini Marja Härkönen na wenzake, ambao pamoja na Leonard Mwasumbi, mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walizunguka nchi hii wakifanya jambo ambalo wakusanyaji wengi kabla yao hawakulijali: waliwauliza wachumaji. Kabla yake ulikuwepo mwongozo wa David Pegler wa Kew, Uingereza, wa mwaka 1977, kuhusu uyoga wa kurasa wa Afrika Mashariki, na ni kazi kubwa. Lakini katika kitabu walichokitoa Härkönen, Mwasumbi na Tuomo Niemelä mwaka 2003, majina ya Kilatini yanakaa na majina ya vijijini na habari za mapishi. Ukikisoma unaona jambo lililo wazi kwa kila aliyetembea nchi hii: wajuzi wakubwa wa uyoga ni watu wa miombo. Miti ya miombo hushirikiana na kuvu mizizini, na chini yake huota Russula, Amanita na uyoga wa njano wa Cantharellaceae kwa wingi. Kwenye nyanda za malisho na mashamba ya ngano ya Hanang hakuna utajiri huo. Utajiri wa hapa uko kwenye kichuguu.

Uyoga wa njano nao una kesi yake. Mwaka 2012 Donatha Tibuhwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake walitenga baadhi ya spishi za Afrika, zenye kurasa zilizokomaa badala ya mikunjo tu, wakazipa hadhi ya jenasi kamili: Afrocantharellus. Wataalamu wengine, akiwemo Mbelgiji Bart Buyck, wanaona kundi hilo lipo kweli lakini libaki tawi ndani ya Cantharellus. Msomaji anaweza kuchoshwa na ubishi wa namna hii. Mimi hauwezi kunichosha, kwa kuwa ni mara chache Mtanzania anakaa kwenye baraza la ukoo akisema mtoto huyu ana mlango wake. Pande zote mbili zinakubaliana juu ya damu. Zinabishana juu ya ukubwa wa nyumba.

Yako mashauri ambayo Afrika haikushinda. Uyoga unaotoa maziwa ukikatwa, wa Russulaceae, uliitwa Lactarius kila mahali, hadi vinasaba vilipoonyesha kwamba ni makundi zaidi ya moja. Jina la zamani likabaki na kundi lenye spishi nyingi za kaskazini, na sehemu kubwa ya uyoga wa maziwa wa Afrika ya kitropiki ikahamia Lactifluus. Migunga ya Hanang inaijua habari hiyo: jina Acacia lilikabidhiwa miti ya Australia katika mkutano wa Vienna mwaka 2005, na yetu sasa ni Vachellia na Senegalia.

Kuna koo zilizofutwa kabisa. Coprinaceae, ukoo wa uyoga unaoyeyuka ukawa wino mweusi, ulivunjwa mwaka 2001 ilipogundulika kwamba Coprinus yenyewe, mwenye jina, ni wa Agaricaceae, na wengi waliobaki ni wa ukoo mwingine uitwao Psathyrellaceae. Mmoja wao, ambao sasa ni Coprinopsis cinerea, watafiti wa Dar es Salaam wakiongozwa na Anthony Mshandete waliuotesha juu ya mabaki ya mkonge, na walitoa matokeo yao mwaka 2008 kwa jina la zamani. Uyoga haukujua.

Mkulima wa mamama, ule uyoga unaooteshwa kwenye mifuko ya plastiki kwa mabua, hahitaji ubishi huu. Anahitaji mbegu safi na chumba chenye giza na unyevu. Ila jina la jenasi ya mamama, Pleurotus, linafaa kukumbukwa: sikio la ubavuni. Utazame ukiota kwenye gogo, shina likitokea pembeni, uone kama aliyeuita hivyo hakuwa na jicho zuri.

Majina yaliyotolewa mpaka sasa kwa kuvu za aina zote duniani ni kama laki moja na nusu. Makadirio ya mwaka 2017 yalisema spishi zilizopo zinaweza kuwa kati ya milioni 2.2 na milioni 3.8. Kwa hesabu hiyo, katika kila kuvu 20 tunazozikanyaga, moja tu ndiyo iliyokwisha kuandikwa.

Usiku ule, katika nyumba ya wageni Katesh, nililaza kofia mbili juu ya karatasi mbili na kuzifunika kwa mabakuli niliyoazima jikoni. Mvua ilinyesha hadi alfajiri. Asubuhi nikainua bakuli la kwanza: waridi hafifu, kama kucha za mtoto. Nikainua la pili: kijani cha majani makavu, mistari imekaa safi kabisa.

Nilirudi barabarani kwa bodaboda nikamkuta mama palepale, na ungo mpya. Nikamsalimu, nikamkabidhi karatasi zote mbili. Ya waridi aliitazama akatikisa kichwa, kama anayemtambua mtu. Ya kijani aliishika kwa muda, akaielekeza kwenye mwanga.

"Miaka yote hii nautupa," alisema. "Kumbe una mwandiko wake."

Akaniuliza kama anaweza kubaki nayo, awaonyeshe wajukuu.